Hyvinkää au Riihimäki: ukitaka mji wa reli Finland, ushuke stesheni ipi?

Ukipanda treni ya R pale Helsinki kuelekea kaskazini, ukishapita Kerava na Järvenpää unafika Hyvinkää, kilomita 59 toka Helsinki, na ukitulia kwenye siti dakika kama kumi zaidi uko Riihimäki, kilomita 71. Yote miwili ni miji ya reli, na namaanisha miji ya reli kwelikweli, bila reli pale pangekuwa na msitu, kinamasi na mashamba mawili matatu mpaka leo, na yote ilipata stesheni mwaka mmoja kwenye njia moja. Sasa mtu ana Jumamosi moja tu, hela ya tiketi ni ileile karibu, watoto wanataka kutoka, aende wapi? Jibu la haraka ni hili: ukitaka treni zilizostaafu, zimeng'arishwa, zimewekewa maelezo, shuka Hyvinkää. Ukitaka mji ambao treni bado zinafanya kazi mbele ya macho yako na historia yake ina uzito wa kukukalisha kimya, endelea Riihimäki. Jibu refu ndo linafuata, na mi nina upande wangu, nitausema mbele huko.

Zilikotoka

Lazima tuanze na reli yenyewe maana bila hapo hutaelewa kwa nini miji iliyopishana kilomita 12 ina tabia tofauti hivi. Finland wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, ilinyang'anywa Sweden mwaka 1809 ikapewa utawala wake wa ndani, ila mwenye neno la mwisho alikuwa Kaisari kule St. Petersburg. Mwaka 1857 Kaisari Alexander II akaruhusu reli ya kwanza ya nchi, Helsinki mpaka Hämeenlinna, zaidi kidogo ya kilomita 100, shida ikiwa kwamba mizigo ya bara ilikuwa inatembea kwa maji wakati wa joto na kwa sleji wakati wa theluji na bandari ilikuwa imekaa peke yake huko chini. Treni ikaanza 1862. Upana wa reli wakauweka milimita 1524, kipimo cha Urusi, na haujabadilishwa hadi leo, ndo maana treni ya Finland haiwezi kuvuka mpaka ikaingia Sweden hivihivi, kule ni milimita 1435.

Hyvinkää na Riihimäki mwanzoni zote zilikuwa vistesheni vya kupitia tu, treni inasimama, inanywa maji, inaondoka. Kilichozibadilisha ni matawi. Kila moja ilipata tawi lake na kila tawi likaenda dunia yake, na hapo ndo hadithi zinapoachana.

Tawi la Riihimäki ni la kwenda St. Petersburg. Hii ndo njia panda ya kwanza ya reli Finland nzima, na jinsi ilivyojengwa ni jambo ambalo watu wengi wanapita juu yake na simu mkononi bila kujua. Mwaka 1867 baridi iligoma kuondoka, barafu ilikaa kwenye maziwa mpaka Juni, watu wakapanda wamechelewa, afu mwanzoni mwa Septemba jalidi ikaja ikaunguza kila kitu shambani. Nchi ilikuwa haijafika hata watu milioni mbili, na katika ile njaa ya 1866 hadi 1868 walikufa zaidi ya laki moja, kwa njaa yenyewe na kwa homa zilizosambaa kwa sababu watu walikuwa wanazunguka barabarani wakiomba. Mkate ulichanganywa na ganda la ndani la msonobari lililosagwa. Serikali ikaona badala ya kugawa chakula bure iwape watu kazi ya reli, kwa hiyo watu waliokuwa tayari wamekonda wakaja kwa miguu kutoka mikoa ya mbali kuchimba udongo kwa koleo na toroli, wanalala wamebanana kwenye mabanda, homa ya chawa ikapita humo ndani. Wengi walizikwa palepale kandokando ya njia. Kipande cha Lahti kilifunguliwa 1869, na mwaka 1870 treni ikafika St. Petersburg, kama kilomita 370 toka Riihimäki. Wafini wenyewe wameipa jina la Luurata, reli ya mifupa.

Tawi la Hyvinkää lina sura nyingine kabisa, hili lilikuwa la biashara. Kampuni binafsi, ya kwanza kujenga reli ya namna hiyo Finland, ililaza reli toka Hyvinkää mpaka Hanko, ncha ya kusini kabisa ambako bahari haigandi sana, na treni zikaanza 1873. Hesabu ilionekana tamu kwenye karatasi, ila kampuni haikudumu, 1875 serikali ikainunua. Lakini Hanko ikawa bandari ya winta, siagi ya Finland ikapita hapo kwenda Uingereza, na baadaye wakapita watu. Kuanzia miaka ya 1880 mpaka miaka ya 1920 Wafini zaidi ya laki mbili waliondoka kupitia Hanko, meli mpaka Hull, treni mpaka Liverpool, meli tena mpaka Marekani. Na mtu wa Vaasa au Seinäjoki, huko magharibi ya nchi, akishuka kusini kwa treni kwenda kupanda hiyo meli, njia yake ilikuwa inakata kona Hyvinkää. Kwa mtu yeyote ambaye amewahi kusindikiza ndugu eapoti akijua hajui watakutana lini tena, hii stesheni utaielewa bila maelezo.

Afu kuna tuta. Barafu ya zamani iliacha tuta refu la mchanga na kokoto linalokatiza kusini mwa Finland toka Hanko kwenda mashariki, linaitwa Salpausselkä, na mainjinia walilipenda kwa sababu ni pakavu. Reli ya Hanko imelifuata na ile ya Lahti nayo imelifuata kwa sehemu kubwa. Hyvinkää imekaa juu yake, ndo maana ina misonobari na hewa nzuri, Riihimäki iko bondeni zaidi, pa majimaji. Hili linaonekana hata leo ukitembea, Hyvinkää unapanda na kushuka, Riihimäki ni flati.

Kilichopo leo cha kuona

Hyvinkää inashinda hapa na wala haina mjadala, kwa sababu Makumbusho ya Reli ya Finland iko huko. Makumbusho yenyewe ilianzishwa 1898 Helsinki, 1974 ikahamishiwa Hyvinkää, na uzuri ni kwamba hawakuijengea jengo jipya la vioo, waliiweka kwenye stesheni ya zamani ya ile reli ya Hanko, yenye jengo la stesheni, banda la vichwa vya treni na nyumba za wafanyakazi, vya miaka ya 1870. Toka stesheni ya sasa ni mwendo wa miguu usiozidi robo saa.

Vitu viwili usiviruke. Cha kwanza ni mabehewa matatu ya treni ya Kaisari, yalitengenezwa Helsinki miaka ya 1870 kwa ajili ya safari zake Finland. Simama hapo kidogo ufikirie mwaka. Njaa imeisha 1868, reli ya St. Petersburg imefunguliwa 1870, na muda mfupi baadaye karakana ya reli inatengeneza behewa la Kaisari na la malkia wake, lipite juu ya lile lile tuta walilochimba wenye njaa. Mabehewa ya Kaisari yako Hyvinkää, mifupa iko upande wa Riihimäki, na hakuna kibao kinachoviweka pamoja, inabidi uunganishe mwenyewe kichwani.

Cha pili ni kichwa cha treni kadogo kanachoitwa Pässi, kichwa kikongwe kuliko vyote vilivyobaki Finland, namba 9, kilichotoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1868. Tangi la maji limekaa juu ya mgongo wa boila kama tandiko la punda, chimni ndefu, magurudumu machache, mtoto anaweza kukichora kwa kumbukumbu. Sasa waliokulia karibu na reli kwetu hilo jina la Beyer Peacock watalijua, ni haohao waliotengeneza Garratt za klasi 59, vichwa vikubwa vya mvuke, vya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, yale madude yaliyopewa majina ya milima, moja wapo Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi. Ukiwa umeona ile ya Nairobi afu ukasimama mbele ya Pässi utacheka, kiwanda kimoja, tofauti yao kama miaka 90, na moja ingeweza kukaa ndani ya tumbo la nyingine.

Ukitoka makumbusho Hyvinkää bado ina vitu. Kanisa la mwaka 1961 la msanifu majengo Aarno Ruusuvuori, la zege jeupe, umbo la pembetatu linalopanda juu kama hema, wengine wanalichukia, mi naliona zuri hasa theluji ikiwa chini. Mchoraji Helene Schjerfbeck, ambaye Wafini wanamhesabu kati ya wakubwa wao wote, aliishi hapa toka 1902 mpaka 1925, kwa miaka mingi na mama yake, bila kutoka sana, na picha zake nyingi za watu wa kawaida wamekaa wanashona au wanasoma ni za kipindi hicho. Kulikuwa na kiwanda cha sufu, kulikuwa na hospitali ya mapumziko msituni ambako watu wenye hela walikuja kwa treni kuvuta hewa ya misonobari. Na kama umewahi kupanda lifti imeandikwa KONE, hao nao wana kiwanda Hyvinkää. Karibu na stesheni kuna moli inaitwa Willa, imefunguliwa 2012, hiyo haina historia ila ina choo kisafi na chakula, msidharau.

Riihimäki inahitaji macho tofauti. Hapa hakuna kitu kimoja kikubwa cha kukuonyesha reli, mji mzima ndo maonyesho. Stesheni ya sasa ni ya miaka ya 1930, mistari iliyonyooka, haina urembo. Pembeni kuna eneo wanaloliita Rautatienpuisto, bustani ya reli, nyumba za mbao walizokaa wafanyakazi wa reli na familia zao, miti mikubwa, vibanda vya kuni, na ukizitazama vizuri unajua nani alikuwa bosi na nani alikuwa mtia makaa kwa ukubwa wa nyumba na idadi ya milango, nyumba ya milango mingi maana yake familia nyingi. Watu bado wanakaa humo kwa hiyo usiingie kwenye yadi za watu na kamera. Kaa ukutani au kwenye daraja utazame yadi ya treni, mizigo ya mbao inapita, treni za Tampere zinapita, R inageuza, mtu anayependa treni zinazotembea atakaa hapo mpaka njaa imtoe.

Afu kuna kioo. Riihimäen Lasi ilianzishwa 1910, wakatengeneza chupa, vioo vya madirisha, vyombo, ikawa kiwanda kikubwa cha vioo, na bila reli isingewezekana maana mchanga na kuni zinaingia kwa behewa na kioo kinatoka kwa behewa. Kilifungwa 1990. Makumbusho ya Vioo ya Finland iko hapo Riihimäki ndani ya jengo la zamani la kiwanda, sehemu ya ndani aliipanga mbunifu Tapio Wirkkala, na kwa maoni yangu hii ndo makumbusho iliyopangwa vizuri kuliko ya reli, giza mahali pa giza, mwanga mahali pa mwanga, kila chombo kimepewa nafasi ya kupumua. Tafuta Aurinkopullo ya Helena Tynell, chupa bapa yenye uso wa jua na miale, ya miaka ya 1960, ilitolewa kwa rangi nyingi na mpaka leo ukiingia maduka ya mitumba ya Kifini unaweza kuikuta imekaa kati ya vikombe, bei ikitegemea kama muuzaji anajua alichoshika. Jirani kuna makumbusho ya uwindaji, watoto wanaopenda wanyama waliokaushwa watafurahi, wasiopenda watalia, unamjua mwanao.

Riihimäki ina upande mzito pia. Jeshi la Urusi lilijenga kambi hapa kwa sababu ya njia panda, mwenye Riihimäki anashika Helsinki, Tampere na St. Petersburg kwa mkono mmoja. Finland ikapata uhuru Desemba 1917, na chini ya miezi miwili baadaye wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu (upande wa wafanyakazi na wasoshalisti) na Weupe (upande wa serikali). Wajerumani walioitwa kuwasaidia Weupe walishukia Hanko Aprili 1918, Helsinki ikaanguka, na kufika mwisho wa mwezi Hyvinkää na Riihimäki zote zilikuwa mikononi mwao, reli ndo ilikuwa njia ya vita. Baadaye kambi za Riihimäki zikageuzwa gereza la wafungwa Wekundu, na kama kambi nyingine za mwaka ule, watu walikufa humo kwa njaa, magonjwa na risasi. Yaani miaka 50 baada ya ile njaa ya kwanza, sehemu ileile. Mji bado una gereza na bado una jeshi, mambo ya mawasiliano ya kijeshi yanafundishwa hapo, kwa hiyo usishangae kuona vijana wengi wa kijani na mabegi Ijumaa jioni wanasubiri treni ya kurudi kwao.

Na kuna pigo jingine ambalo Riihimäki haikulipigiwa bunduki. Kwa zaidi ya miaka 130 ukitoka Helsinki kwenda Lahti au Urusi kwa treni lazima upite Riihimäki ugeuke kulia. Mwaka 2006 wakafungua njia ya mkato toka Kerava moja kwa moja mpaka Lahti, basi treni za mashariki zikaacha kupita. Allegro, treni ya kasi ya kwenda St. Petersburg, iliyoanza 2010 na kusimamishwa Machi 2022, haikuwahi kuihitaji Riihimäki hata siku moja. Mizigo bado inapita na treni za mtaa za Lahti zipo, ila ile hali ya kuwa kona ya dunia imeondoka.

Kwa hiyo nani aende wapi

Una watoto wadogo: Hyvinkää, usijisumbue kufikiria. Kuna vichwa vya treni vya kusimama karibu navyo, kuna reli ya modeli, kuna nafasi ya kukimbia nje, na mvua ikinyesha Willa iko pale. Ukiwa na kigari cha mtoto barabara za kwenda makumbusho hazina shida ila kwenye mabehewa ya zamani ngazi ni zilezile za karne ya 19, utabeba.

Wewe ni mtu wa historia, umeshasoma kidogo, unataka kutembea polepole bila foleni: Riihimäki. Unapenda vyombo, usanifu, vitu vya ndani: Riihimäki tena, makumbusho ya vioo peke yake inalipa nauli. Umekuja Finland kumtembelea ndugu na una siku moja ya kutoka Helsinki na hujawahi kusikia hata mji mmoja kati ya hii: Hyvinkää, kwa sababu inajieleza yenyewe, Riihimäki bila maelezo ni mji mdogo wenye maghorofa ya wastani na upepo.

Winta mchana ni mfupi na matembezi ya nje ya Riihimäki yanapoteza ladha, giza saa tisa na nusu mchana, hapo Hyvinkää inapata pointi, ila makumbusho ya vioo winta ni nzuri mno kwa ajili ya taa. Kiangazi zote sawa, na Hyvinkää unaweza kuongeza msitu wa Sveitsi kwa kutembea.

Kuhusu hela, kadi au tiketi ya HSL, usafiri wa eneo la Helsinki, haikufikishi huko hata ukiwa na kanda zote, nunua ya VR, kampuni ya reli ya taifa, kwenye apu yao kabla hujapanda. Museokortti, ile kadi ya mwaka ya makumbusho, inakubalika Hyvinkää na pia kwenye makumbusho ya vioo, kwa hiyo ukiwa nayo gharama kubwa inabaki nauli na kahawa. Makumbusho nyingi za Finland zinafungwa Jumatatu na saa zinabadilika kati ya kiangazi na winta, chungulia tovuti zao kabla ya kuamsha familia.

Mtu anaweza kusema mbona usiende zote siku moja, dakika kumi tu kwa treni. Inawezekana, anza Riihimäki asubuhi kabla miguu haijachoka, vioo kwanza, Rautatienpuisto, kula, halafu shuka Hyvinkää ukafunge siku na Pässi. Ukigeuza hiyo oda utafika Riihimäki umeshiba treni na hutakuwa na subira ya kutazama nyumba za mbao. Na watoto, hapana, kwa watoto makumbusho mbili siku moja ni ugomvi.

Kuna wanaotaja Kouvola na Haapamäki. Kouvola ni njia panda kubwa ya mashariki, ina mtaa wa zamani wa watu wa reli unaitwa Kaunisnurmi, na 2017 ilianza kutuma treni za kontena mpaka Xi'an China, ila ni mbali zaidi na kwa macho ya mgeni ni mji mgumu kuupenda. Haapamäki ndo kwa wagonjwa wa reli hasa. Ilikuwa njia panda muhimu kiasi kwamba Weupe mwaka 1918 waliilinda kwa nguvu zote, wakapigana Vilppula ili isichukuliwe, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia mpya ya Tampere kwenda Seinäjoki kupitia Parkano ikaiacha pembeni, na sasa ni kijiji chenye yadi kubwa ya reli isiyolingana na watu waliobaki. Treni ni chache kwa siku, ukiikosa umelala huko. Kama Riihimäki imekugusa, Haapamäki iweke kwenye orodha, kama hukuipenda Riihimäki hiyo isahau.

Mi upande wangu ni Riihimäki, ila mgeni akija nyumbani nampeleka Hyvinkää, maana mgeni anataka kurudi na picha na Riihimäki picha zake hazitoki vizuri. Treni za kurudi Helsinki zipo mara kwa mara mpaka usiku, ila Jumapili jioni zinajaa wanajeshi na wanafunzi, kwa hiyo mwenye watoto aondoke kabla ya hapo apate siti.